Jina la Babangu

Lali halali.
Saa nane mchana, Mkomani nzima imefunga madirisha,
hata punda wa jirani amesinzia kwa kuegemea ukuta,
na yeye amevaa kiatu changu kimoja
anapanda ngazi akihesabu: moja, mbili, tano, tano.

Hajatimiza miaka miwili. Ana meno kumi na mawili
na kila jino lina alama yake humu nyumbani:
kwenye mguu wa kitanda, kwenye rimoti,
kwenye bega langu la kushoto.

Leo ndani ya kidaka cha chini nimekuta
kijiko, betri, ganda la ndimu,
na mkate wa mofa ulioumwa mara moja
palepale babangu alipozoea kuweka miwani.
Mama hajaweka kitu pale tangu mwaka ule.
Alipita, akauona mkate,
akawapangusa sisimizi kwa kidole,
akauacha.

Babangu alishona kofia.
Kofia moja miezi minne, sindano pembeni mwa mdomo,
kwa hivyo alisema nasi kwa upande mmoja tu,
na hadi leo nikimkumbuka, namsikia kwa sikio la kulia.
Akikosea tundu moja alifumua safu nzima.
Haguni. Husema tu:
"Ito halihadaiki. Warongo ni zanda."

Hakuwa mtu wa kubeba watoto, niseme kweli.
Siujui mgongo wake, silijui paja lake.
Nakijua kidole gumba, kigumu kama kwato,
akinizungushia uzi kichwani jioni baada ya jioni,
eti kichwa changu ni sawa na cha mteja wake wa Siyu.
Sijui kama kulikuwa na mteja wa Siyu.

Basi mtoto nikampa jina hilo.
Desturi, sikuwaza sana.
Mpaka siku alipoushika waya wa feni
nikapiga ukelele: "Lali! We Lali! Huna adabu?"
Nyumba ikanyamaza.
Kwenye msumari, ile kofia isiyokwisha ilinitazama
kwa matundu yake yote.
Tangu hapo namwita paka, namwita bwana mdogo,
na akivunja kitu namwita mwana wa babake.

Lakini mamangu.
Miaka thelathini na minane ya ndoa hakulitamka.
"Baba Barke," alimwita, kwa jina langu mimi.
Au "huyo". Au "wenyewe".
Au alikohoa tu mlangoni, naye akajua chai iko tayari.
Hata hospitali, karani alipouliza jina la mgonjwa,
kalamu mkononi, foleni nyuma yetu,
mama alinigeukia mimi nijibu.

Sasa nimejilaza mkekani, jicho moja wazi.
Huku mtoto anapanda,
kule mama anashuka na goti lake bovu,
kidato, pumzi, kidato, pumzi.
Wanakutana katikati, penye giza.

"Lali," mama anasema.

Hakemei. Wala haiti,
maana yuko mbele yake, amemshika kanzu.
"Lali," tena, polepole,
kama mtu anayeonja mtuzi akiwaza chumvi.
Kisha kwa sauti ambayo sijapata kuisikia,
sauti ya msichana aliyeolewa juzi:
"Ndoo, Lali. Ndoo ukae na mimi."

Nafumba lile jicho. Si langu kuliona.

"Mmh?" anajibu mtoto,
mdomo umejaa kitu, sijui nini,
na kiatu changu kinateremka ngazi peke yake:
moja, mbili,
tano,
tano.